Aliaminika, na mshtakiwa akaachiwa huru: uchambuzi wa kesi moja ya ubakaji

Majina, mji, tarehe na namba ya kesi vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mlalamikaji nitamwita Bi. K. Hukumu za Mahakama ya Rufani ninazozigusa humu mawakili wanazijua kwa majina ya warufani. Mimi nimezitaja kwa mwaka au namba tu.

Mazingira

Bi. K alikuwa mama lishe katika mji mdogo wa wilaya, Tanzania Bara. Alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya uani, zile za vyumba vinavyotazamana, bomba moja na choo cha pamoja. Mshtakiwa, kijana fundi ujenzi, alipanga chumba cha mwisho kwenye uwanja huohuo. Walifahamiana vizuri. Mchana alikuwa akila kwa Bi. K kwa mkopo, na wakati wa tukio alikuwa na deni ambalo wote wawili hawakulikana mahakamani.

Shtaka lilikuwa kubaka, chini ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Mlalamikaji akiwa mtu mzima, upande wa mashtaka unabeba mzigo wa mambo matatu: kwamba aliingiliwa, hata kama ni kwa kiasi kidogo, kwamba hakuridhia, na kwamba aliyefanya hivyo ni huyu aliyeko kizimbani na si mwingine. Adhabu ya chini kwa mtu mzima ni miaka 30 jela. Hakimu akishamtia mtu hatiani hana ngazi za kati za kushukia, na hilo huongeza uzito wa swali la tatu.

Usiku wa tukio na asubuhi yake

Kwa maelezo ya Bi. K, ilikuwa kama saa nane usiku. Alishtuka usingizini akiwa ameshikwa mikono na kuzibwa mdomo. Mtu yule alisema neno moja tu, "nyamaza". Baada ya kumfanyia alichokusudia alitoka mbio na kuacha mlango wazi. Bi. K alikaa kwa muda asioweza kuukadiria, kisha akapiga kelele. Jirani wa chumba cha tatu, mwanamke aliyemzidi umri kidogo, ndiye aliyefika kwanza.

Asubuhi wawili hao walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na hapo Bi. K akamtaja mshtakiwa kwa jina. Mwenyekiti aliwatuma vijana wa mgambo, wakamkuta chumbani kwake akijiandaa kwenda kazini. Hakukimbia wala hakubishana nao sana. Bi. K alifika polisi, dawati la jinsia, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ambayo tabibu huijaza baada ya kumpima mtu, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshapimwa. Tabibu aliona michubuko midogo na dalili za kuingiliwa muda si mrefu. Sehemu nyingine za mwili hazikuwa na jeraha.

Polisi walichukua maelezo. Hawakwenda chumbani siku hiyo, hawakuchora ramani ya eneo, hawakuchukua nguo wala shuka, na hakuna sampuli iliyopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mbele ya hakimu

Ushahidi ulipokelewa faragha, kama sheria inavyotaka kwa makosa ya aina hii. Mashahidi walikuwa wanne: Bi. K, jirani, mwenyekiti wa mtaa na tabibu. Mpelelezi hakuitwa. Mshtakiwa hakuwa na wakili.

Sehemu iliyokuja kuamua kesi nzima ni mistari mitatu ya mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, wakati mwendesha mashtaka akimwongoza Bi. K:

— Ulimtambuaje mtu huyo?
— Kulikuwa na taa. Halafu namfahamu, anakaa chumba cha mwisho.
— Baada ya hapo ulifanya nini?

Mwendesha mashtaka akawa ameshavuka. Hakuuliza ni taa gani, ilining'inizwa wapi, iliwaka kwa nguvu kiasi gani, alimwona mtu yule usoni au mgongoni, kwa muda gani, kwa umbali gani. Ni kwa bahati tu, mwenyekiti alipokuwa akitoa ushahidi, ndipo mahakama ilipojua kwamba ni taa ndogo ya sola, ya kuchajiwa juani mchana, iliyokuwa kwenye msumari karibu na mlango.

Jirani naye alieleza alivyoingia: "Nilisukuma mlango, nikawasha tochi ya simu, nikamkuta amekaa chini." Hakuna aliyemsimamisha hapo. Ilipofika zamu ya mshtakiwa kumhoji, alimuuliza swali ambalo wakili mzoefu angeogopa kuliuliza bila kujua jibu:

— Usiku ule alikutajia jina langu?
— Usiku ule alikuwa analia tu. Alisema, "Dada, nimebakwa." Wewe alikutaja asubuhi kwa mwenyekiti.

Bi. K alikuwa ameshaieleza mahakama kwamba alimtajia jirani jina palepale.

Katika utetezi, mshtakiwa alisema alikuwa amelala chumbani kwake na kwamba kesi ilitungwa kwa sababu ya deni la chakula. Hakuleta shahidi. Habari ya kesi kutungwa hakuwa amemuuliza Bi. K alipokuwa kizimbani.

Kwa nini hakimu alimtia hatiani

Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu alisema ushahidi bora wa kubaka hutoka kwa aliyebakwa, kwamba Bi. K alizungumza kwa kujiamini, kwamba tabibu alimuunga mkono, na kwamba utetezi wa deni ulikuwa hadithi ya kubuniwa baadaye. Miaka 30. Kuhusu taa aliandika sentensi moja, kwamba palikuwa na mwanga. Tochi ya jirani haikutajwa kabisa, wala tofauti ya maelezo kuhusu jina.

Rufaa

Mshtakiwa alikata rufaa Mahakama Kuu akiwa gerezani. Rufaa ya kwanza humpa jaji kazi ya kuupitia ushahidi wote upya na kuupima mwenyewe, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi wakizungumza.

Jaji alianza na PF3. Fomu ilikuwa imepokelewa kama kielelezo bila kusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Mahakama ya Rufani ilishaweka msimamo mwaka 2003 kuhusu utaratibu huo, na tangu hapo vielelezo vingi vimeondolewa kwa kosa hilohilo. PF3 ikaondolewa. Haikuleta madhara makubwa, kwa kuwa tabibu alikuwa ameeleza kwa mdomo yote aliyoyaona.

Kisha akaandika aya ambayo kwangu ndiyo ya kusomwa mara mbili. Alisema anaamini kwamba Bi. K alibakwa usiku ule. Alimwamini kuhusu kuingiliwa, akamwamini kuhusu kutoridhia, na akakataa hoja ya mrufani kwamba kukosekana kwa majeraha mwilini kunaonyesha maelewano, kwa sababu sheria yenyewe inasema majeraha au dalili za kupambana si lazima ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. Baada ya hapo akageukia swali la nani, na hapo ndipo kesi ilipoanguka.

Wakili wa Serikali alitetea hatia. Hoja yake: huyu si mgeni aliyeonwa mara moja barabarani, ni mtu wa uwanja mmoja, na kumtambua unayemfahamu ni jambo la kuaminika zaidi kuliko kumtambua usiyemjua. Jaji alikubali kanuni hiyo, lakini akasema ufahamu wa awali hauwi badala ya mwanga. Sauti nayo, neno moja la mtu aliyekuwa akinong'ona, haikutosha, kwa kuwa utambuzi wa sauti ni miongoni mwa aina dhaifu za ushahidi.

Hatia ikafutwa, adhabu ikaondolewa, na mrufani akaamriwa aachiwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Wakili wa Serikali aliomba, kama njia ya pili, kesi irudishwe kusikilizwa upya. Jaji alikataa kwa msingi unaojulikana tangu 1966, enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: kesi hurudiwa pale mwenendo wa kwanza ulipokuwa batili au wenye kasoro, si kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Hakuna rufaa nyingine iliyofuata.

Bi. K alipata habari kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alichoelewa ni kwamba mahakama imesema alidanganya. Hakuna mtu wa ofisi ya mashtaka aliyekaa naye kumsomea ile aya.

Uchambuzi

*Kauli inayonukuliwa nusu*

Kila mwendesha mashtaka anaijua ile hukumu ya 2006: ushahidi wa kweli wa kubaka lazima utoke kwa aliyebakwa. Ni kauli nzuri, na historia yake inaeleweka. Kabla ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mahakama zilikuwa na mazoea ya kujionya juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke peke yake, kana kwamba mwanamke aliyebakwa ni shahidi wa daraja la pili. Hivi leo kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi, kwa namba zilizokuwa zikitumika wakati wa kesi hii, kinasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo, na kifungu cha 127 kinaruhusu hatia kwa ushahidi wa mlalamikaji pekee.

Lakini kisome kifungu hicho hadi mwisho. Mahakama inatakiwa kwanza kupima uaminifu wa ushahidi huo, kisha iridhike, *kwa sababu zitakazoandikwa*, kwamba shahidi hasemi ila kweli. Hakimu wetu aliandika kwamba shahidi alijiamini. Hiyo ni sababu ya kumwona shahidi kuwa mtulivu, basi. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 145 ya mwaka 2017, ilionya kwamba neno la mlalamikaji katika makosa haya halichukuliwi kama neno la Injili. Lazima lipite kwenye kipimo cha ukweli. Kipimo chenyewe si sura ya shahidi tu. Mahakama huangalia maelezo yake yanavyoshikana yenyewe kwa yenyewe, na yanavyokaa yakiwekwa pamoja na ya mashahidi wengine. Maelezo ya Bi. K yalishikana. Yalipowekwa pembeni ya maelezo ya jirani ndipo yalipopishana, na hakimu hakuyaweka pamoja.

Kuna jambo la ndani zaidi. Kauli ya 2006 inajibu swali la nini kilitokea, kwa sababu hakuna anayejua zaidi ya aliyefanyiwa. Haijibu peke yake swali la nani, pale usiku unapokuwa ndani ya hadithi. Shahidi mkweli kabisa, asiye na chembe ya nia mbaya, anaweza kukosea kuhusu uso aliouona kwa sekunde chache akiwa amezibwa mdomo. Kwa hiyo mahakama inaweza kumwamini mwanamke kwa moyo wote na bado ishindwe kumfunga mwanamume aliyemtaja. Mitaani hili halieleweki, na sioni ajabu, maana hata hukumu nyingi huandikwa kana kwamba kuachiwa kwa mshtakiwa na uongo wa mlalamikaji ni kitu kimoja.

*Taa na tochi*

Tangu 1980 Mahakama ya Rufani imetoa orodha ya mambo ya kuangaliwa pale kesi inapotegemea kuonwa: muda mtuhumiwa alioonwa, umbali, mwanga, na kama shahidi alimjua kabla. Ushahidi huo, inasema, ni wa aina dhaifu, na hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Katika kesi yetu jambo moja tu lilijibiwa, lile la kufahamiana.

Sasa weka pamoja taa na tochi. Kama taa ya sola ilikuwa ikiwaka kiasi cha kuonyesha uso, kwa nini jirani aliyeingia muda mfupi baadaye aliwasha simu? Majibu yapo, tena ya kawaida kabisa. Labda mtu yule aliigonga taa akitoka mbio, maana ilikuwa karibu na mlango. Labda chaji ilikuwa inakwisha, kama ilivyo kawaida ya taa hizo ikifika usiku wa manane. Labda jirani alitoka nayo tochi uani ikiwa imeshawashwa, na alisimulia bila kupanga maneno. Lolote kati ya haya lingeweza kuwa kweli. Hakuna hata moja lililomo kwenye mwenendo, na jaji hawezi kumtungia shahidi jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Hapo ndipo shaka ilipopata mashiko. Si kila shaka humwokoa mshtakiwa. Hukumu ya 1993 ilieleza kwamba kesi huwa imethibitishwa pale ushahidi unapokuwa na nguvu kiasi cha kumwachia mshtakiwa uwezekano wa mbali tu, unaoweza kutupwa kwa urahisi. Kudai kwamba Bi. K alimsingizia mtu ubakaji ili alipwe deni la sahani za wali ni uwezekano wa aina hiyo, na jaji aliutupa. Uwezekano kwamba chumba kilikuwa na giza ulitoka kinywani mwa shahidi wa upande wa mashtaka wenyewe. Huo huwezi kuutupa bila kuujibu.

Polisi wangefika chumbani asubuhi ileile, wakaichukua taa, wakaiwasha usiku, wakapima hatua kutoka kitandani hadi mlangoni na kuchora mchoro wa nusu ukurasa, mpelelezi angekuwa na la kuieleza mahakama. Watu hukimbilia kulaumu kukosekana kwa DNA. Ni kweli ingesaidia, na sheria ya mambo hayo ipo tangu 2009, ila kesi hii ilihitaji vitu rahisi kuliko maabara.

*Utetezi dhaifu si ushahidi wa mashtaka*

Wakili wa Serikali alisisitiza kwamba mshtakiwa hakumhoji Bi. K kuhusu kesi kutungwa wala kuhusu mwanga, na kwamba kutohoji ni kukubali. Kanuni hiyo ipo na ina nguvu yake. Jaji aliitumia dhidi ya habari ya kesi kutungwa. Aliikataa kuhusu mwanga, na nadhani alikuwa sahihi. Huwezi kusema mtu amekubali undani wa ushahidi ambao haukutolewa. Mtu asiye na wakili, anayesikia tu "kulikuwa na taa", ana nini cha kuhoji zaidi ya hapo? Tangu 1992 imesemwa wazi kwamba mshtakiwa hutiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka, si kwa ulegevu wa utetezi wake. Hakimu alitumia aya nzima kubomoa utetezi na sentensi moja kujenga utambuzi, na uwiano huo pekee ungemwonyesha msomaji makini kwamba rufaa hii itakuwa ngumu kwa Serikali.

*Yaliyofanyika vizuri*

Ni haki kuyataja, kwa sababu bila hayo hata suala la kuingiliwa lingebaki hewani. Jirani hakumwacha Bi. K aoge. Mwenyekiti hakujaribu "kuyamaliza nyumbani", jambo ambalo katika mitaa mingi ndilo la kwanza kufikiriwa. Vipimo vilifanyika siku hiyohiyo. Tabibu alieleza alichokiona bila kwenda mbele zaidi, akikataa kusema ni nani aliyefanya alipoulizwa, maana hiyo si kazi yake. Hakimu naye, pamoja na udhaifu wa hukumu yake, aliandika ushahidi kwa uangalifu hadi tochi ya simu. Hakimu mvivu angeiruka, na rufaa ingeamuliwa kwa ushahidi usio kamili.

*Jina lililochelewa*

Hapa natofautiana na jaji. Aliipa uzito mkubwa tofauti kati ya Bi. K na jirani kuhusu lini jina lilitajwa. Alisimama kwenye hukumu ya 2002, isemayo kwamba uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa bila maelezo kunatakiwa kuifanya mahakama iwe na tahadhari. Kanuni ni sawa. Ila mapema ni lini? Bi. K alimtaja kwa kiongozi wa kwanza aliyemfikia, saa chache tu baada ya tukio, na mtuhumiwa akakamatwa asubuhi hiyohiyo. Mtu aliyekaa chini akilia, anayeweza kutoa maneno mawili tu, si mtu anayeficha jina. Tena mtuhumiwa alikuwa hatua chache kutoka pale, nyuma ya mlango wa chumba cha mwisho, na hofu ya kulitamka jina lake uani usiku ni jambo la kueleweka.

Kwamba baadaye Bi. K aliamini alilitaja usiku uleule ni kosa la kumbukumbu ambalo kwa maoni yangu halikugusa mzizi wa kesi. Mwendesha mashtaka alikuwa na haki ya kumhoji tena jirani baada ya jibu lile, amuulize Bi. K alikuwa katika hali gani, kama aliweza kuzungumza, kama yeye jirani alimuuliza "ni nani?" Kumbukumbu zinaonyesha aliposimama alisema hana swali.

Hata tukiiondoa hoja hiyo ya jaji, matokeo yangekuwa yaleyale. Tofauti ya maelezo kuhusu jina iliongeza uzito kwenye mizani iliyokuwa imeshalala. Suala la mwanga pekee lilitosha kuifuta hatia.